Mikoa ya mahindi yaongoza kwa udumavu: Chanjo bila lishe haikamilishi kinga ya mtoto

MIKOA ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya Tanzania. Msimu wa ununuzi unapofika, malori ya mahindi huonekana Makambako, Sumbawanga na Songea yakielekea maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na mengine hushika njia ya Dar es Salaam au ya mipakani. Hata hivyo, takwimu za afya za mikoa hiyo hiyo zinasimulia habari nyingine kabisa.

Kwa mujibu wa Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mkoa wa Iringa una asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Maana yake ni kwamba katika mikoa mitatu inayosifika kwa kujaza maghala ya taifa, karibu nusu ya watoto au zaidi hawakupata lishe ya kutosha katika miaka yao ya mwanzo.

Wakulima wengi huutazama udumavu kama suala la kimo. Mtoto akiwa mfupi husemwa kuwa ameiga ukoo wa babu yake, na mambo huishia hapo. Wataalamu wa lishe na wa kinga ya mwili wanaeleza kuwa kimo ni dalili ya nje tu. Ndani ya mwili wa mtoto huyo, vitu vinavyojenga mifupa vinapopungua, vinavyojenga ulinzi dhidi ya magonjwa navyo hupungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano duniani vinahusiana na lishe duni. Wengi wao cheti cha kifo kingetaja kuhara, kichomi, surua au malaria. Lakini kilichomfanya mtoto ashindwe kupambana na ugonjwa huo ni sahani yake.

Hapo ndipo linapojitokeza swali linalomhusu kila mzazi anayepeleka mtoto kliniki: chanjo inayotolewa bure na serikali inafanya kazi kiasi gani ndani ya mwili uliokosa chakula bora?

Kinga ni kazi inayohitaji malighafi

Chanjo haileti kinga iliyokwisha tengenezwa. Inaufundisha mwili sura ya adui, kisha mwili wenyewe unatengeneza askari wake. Askari hao ni chembe nyeupe za damu pamoja na kingamwili, ambazo ni protini zinazonasa vijidudu. Ili kuzitengeneza, mwili unahitaji protini, vitamini A, madini ya chuma, zinki na nguvu za kutosha. Ni sawa na kiwanda kilicholetewa fundi hodari na mashine mpya, halafu ghala la malighafi likakutwa tupu.

Mfano ulio wazi ni tezi inayoitwa thimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi hii ndiyo shule ya kundi moja muhimu la chembe nyeupe. Mtoto anapopata utapiamlo mkali, thimasi husinyaa. Watafiti waliofuatilia watoto wenye utapiamlo mkali nchini Bolivia waliona kuwa uzito ulirudi baada ya takriban mwezi mmoja wa matibabu, lakini tezi hiyo ilihitaji takriban miezi miwili kurejea katika hali yake, na muda huo ulipungua watoto walipoongezewa zinki. Hivyo mtoto anayeonekana amenenepa tena baada ya kutoka wodini anaweza kuwa bado hana ulinzi kamili.

Chuma nacho kina nafasi yake. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 59 kati ya 100 wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi 59 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwamo malaria na minyoo, lakini chakula kisicho na madini ya chuma ni mojawapo ya zile kubwa.

Chanjo zipi zinaathirika?

Si kweli kwamba mtoto mwenye lishe duni hafaidiki na chanjo, na mzazi asije akatumia hoja hiyo kubaki nyumbani siku ya kliniki. Tafiti nyingi zilizofanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kuwa chanjo za sindano, kama za pepopunda na surua, huamsha kingamwili hata kwa watoto wengi waliodumaa. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye chanjo za matone zinazopita mdomoni, kama ya polio na ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuhara kukali kwa watoto wachanga.

Chanjo za matone hufanya kazi kupitia utumbo. Mtoto anayekulia kwenye mazingira yenye kinyesi cha watu na mifugo humeza vijidudu kila siku hata kama haonekani anaumwa. Ukuta wa utumbo wake huvimba ndani kwa ndani, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hulala na kuwa vifupi. Utumbo wa namna hiyo haufyonzi chakula vizuri, na matone ya chanjo nayo hayaupi mwili fundisho la kutosha.

Majaribio ya chanjo ya rota yalidhihirisha tofauti hiyo. Barani Ulaya chanjo hiyo ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya kuhara kukali kunakoletwa na virusi hivyo katika msimu wa kwanza. Katika jaribio kubwa lililotolewa taarifa mwaka 2010, Afrika Kusini ilipata asilimia 77, na Malawi asilimia 49. Lishe siyo sababu pekee ya tofauti hiyo. Wingi wa vijidudu, kingamwili ambazo mama humpa mtoto na aina za virusi vilivyopo navyo vinachangia. Lakini hali duni ya utumbo na lishe imo katika orodha hiyo.

Pamoja na hayo, mfanyabiashara anayejua hesabu atagundua jambo la ajabu katika takwimu za jaribio hilo. Kwa sababu ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi Malawi, chanjo yenye nguvu ndogo iliokoa watoto wengi zaidi: takriban wagonjwa saba mahututi walizuiwa kwa kila watoto 100 waliochanjwa kwa mwaka nchini Malawi, dhidi ya takriban wanne Afrika Kusini. Penye hatari kubwa, hata ulinzi wa nusu una faida kubwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo kwa watoto wote mwanzoni mwa mwaka 2013, katika wiki ya sita na ya 10 baada ya kuzaliwa, na sababu za kuitoa ziko wazi.

Mtoto si kuku

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wana uzoefu unaokaribiana na suala hili. Anayetumia chanjo ya mdondo aina ya I-2, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, hufundishwa na bwana mifugo kuchanja kuku wenye afya tu. Kuku aliyekwisha dhoofu kwa minyoo na njaa hajengi kinga ya kutosha, na aliyekwisha ambukizwa chanjo haimponyi. Ndiyo maana mfugaji makini huanza na dawa ya minyoo na chakula, kisha chanjo.

Nusu ya somo hilo inafaa kwa mtoto, nusu nyingine haifai. Inayofaa ni ile ya kutanguliza chakula na usafi. Isiyofaa ni ile ya kuahirisha. Mtoto mwembamba au aliyedumaa asisubirishwe hadi anenepe ndipo achanjwe, kwa sababu ndiye ambaye surua ikimpata ina uwezekano mkubwa zaidi wa kumuua. Zaidi ya hapo, surua yenyewe hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulikwisha jijengea dhidi ya magonjwa mengine, na mtoto akipona hubaki wazi kwa maradhi kwa muda mrefu. Mhudumu wa kliniki ndiye wa kuamua kama hali ya mtoto siku hiyo inahitaji matibabu kwanza. Mzazi asijiamulie mwenyewe.

Ushahidi wa Mvumi, Kwale na Zimbabwe

Afrika Mashariki haina haja ya kuazima ushahidi kutoka mbali. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika Hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la watoto 88 lilipewa vitamini A nyingi pamoja na matibabu ya kawaida, na kundi la watoto 92 likapewa matibabu ya kawaida peke yake. Katika kundi la kwanza walikufa sita, katika la pili 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili, ambako alikufa mmoja dhidi ya saba. Karibu watoto wote walikuwa na vitamini A kidogo sana katika damu. Jaribio hilo, pamoja na mengine yaliyofuata, lilichangia vitamini A kuwa sehemu ya matibabu ya surua duniani kote. Leo nchini Tanzania matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi sita hadi 59.

Upande wa pili wa mpaka, katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini mwa Kenya, watafiti waliangalia uhusiano wa chuma na chanjo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa watoto waliokuwa na upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma wakati wa kuchanjwa walijenga kingamwili chache zaidi kwa baadhi ya chanjo. Katika sehemu ya pili ya utafiti, watoto waliochanganyiwa unga wa virutubisho wenye chuma katika uji wao kwa miezi minne, kipindi ambacho walichanjwa surua, walipimwa baadaye na kukutwa na kinga bora ya surua kuliko waliopewa unga usio na chuma.

Hata hivyo, chuma kisigeuzwe kuwa bidhaa ya kununua kiholela. Kisiwani Pemba, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 ulibaini kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, katika mazingira yenye malaria nyingi wakati huo, walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Funzo lake ni kwamba vidonge na matone ya chuma vitolewe kwa ushauri wa kituo cha afya na sambamba na kinga ya malaria. Chuma kilichomo katika maharage, dagaa, nyama na mboga za majani ni cha kiasi cha kawaida cha chakula na hakihusiani na tahadhari hiyo.

Ushahidi wa tatu unatoka vijijini Zimbabwe, katika mradi uliohusisha maelfu ya kina mama katika wilaya za Shurugwi na Chirumanzu. Mafunzo ya kulisha mtoto pamoja na kijiko cha chakula chenye mafuta na virutubisho kila siku, kuanzia miezi sita hadi 18, yalipunguza udumavu kutoka asilimia 35 hadi 27. Lakini chakula hicho hakikuongeza nguvu ya chanjo ya rota, kwa sababu rahisi: chanjo hutolewa mtoto akiwa na wiki sita na 10, wakati yeye bado ananyonya tu. Kilichosaidia ni usafi ulioanza mapema, kabla hajazaliwa. Katika kaya zilizopewa vyoo bora, sehemu za kunawia mikono na mahali safi pa mtoto kuchezea, watoto takriban 30 kati ya 100 walionyesha mwitikio wa chanjo, dhidi ya takriban 20 katika kaya nyingine.

Matokeo hayo yanampa mkulima ratiba. Kwa chanjo za wiki za mwanzo, maandalizi ni mama mjamzito anayekula vizuri, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita na uwanja usio na kinyesi. Kwa chanjo ya surua, inayotolewa miezi tisa na kurudiwa miezi 18, maandalizi ni sahani ya mtoto.

Sumukuvu: adui wa afya na wa soko

Katika suala hili kuna jambo lililo mikononi mwa mkulima na mfanyabiashara kuliko la daktari, nalo ni sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kwa wingi huua. Nchini Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 na kufa 125, wengi wao Makueni na Kitui. Nchini Tanzania mwaka 2016 waliugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki dunia.

Kwa kiasi kidogo kinacholiwa kila siku, sumu hiyo haionekani wala haina ladha. Utafiti wa Gambia ulikuta kuwa watoto wenye dalili za sumu hiyo katika damu walikuwa na kingamwili kidogo zaidi katika mate, yaani ulinzi wa mlango wa kwanza wa mwili. Mtoto anayekunywa uji wa mahindi mara tatu kwa siku hupata sumu nyingi kuliko mtu mzima kwa uzito wake.

Soko nalo limekwisha toa onyo lake. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti vya ubora. Malori yaliyokwama mpakani yalikuwa hasara ya wafanyabiashara. Kilichokuwa kinaliwa nyumbani na watoto wa wakulima hakikuwa na mpaka wa kukizuia.

Njia za kupunguza sumu hiyo hazihitaji mtaji mkubwa: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya ardhini, kuchambua na kutoa punje zilizooza au zilizobadilika rangi, kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa na kukoboa kabla ya kusaga. Tatizo ni kwamba katika kaya nyingi mahindi mazuri hupelekwa sokoni, na yale yaliyotengwa kwa ubovu ndiyo hubaki kwa chakula. Punje zilizooza zisiliwe, na zisipewe kuku wa mayai wala ng'ombe wa maziwa kwa kudhani kuwa zimepata kazi.

Hesabu ya kaya

Kwa nini mkoa wenye mahindi mengi uwe na watoto wadumavu? Jibu la kiuchumi ni kwamba mahindi ni zao la chakula na pia ndiyo benki ya kaya. Ada, mbolea, harusi na deni la duka vyote hulipwa kwa gunia. Kinachobaki ni ugali na uji, ambavyo vinashibisha lakini havina protini bora, vitamini A wala chuma cha kutosha. Utafiti wa 2022 unaonyesha kuwa ni takriban mtoto mmoja tu kati ya watano wa miezi sita hadi 23 aliyepata makundi matano ya chakula kati ya manane yanayopendekezwa. Muda wa mama nao ni haba. Wakati wa kupanda na palizi anashinda shambani, na mtoto hula mara mbili badala ya mara tatu au nne.

Tuchukue mfano wa kaya yenye ekari tatu inayovuna magunia 12 kwa ekari, jumla magunia 36. Inabakiza 12 ya chakula na kuuza 24 kwa Sh60,000 kila moja, ambazo ni Sh1,440,000. Bei hizi ni za mfano. Kila mkulima aweke za kwake.

Sasa waweke mtoto mmoja wa mwaka mmoja katika hesabu hiyo. Mayai matatu kwa wiki kwa Sh400 kila moja ni Sh62,400 kwa mwaka. Robo kilo ya dagaa kwa wiki, Sh2,000, ni Sh104,000. Robo kilo ya karanga safi kwa wiki, Sh1,000, ni Sh52,000. Jumla ni Sh218,400, sawa na magunia yasiyofika manne, au asilimia 15 ya mauzo. Kaya yenye kuku wake wa kutaga na kipande cha karanga hubaki na gharama ya dagaa tu, chini ya magunia mawili.

Upande wa pili wa daftari, mtoto huyo huyo akilazwa siku tano katikati ya palizi, nauli na chakula cha hospitali vikiwa Sh60,000, vibarua wa kupalilia ekari mbili Sh80,000, na ekari ya tatu ikichelewa na kupoteza magunia matatu, kaya imepoteza Sh320,000. Hiyo ni mara moja tu. Mtoto mwenye kinga dhaifu haugui mara moja kwa mwaka.

Wakulima hawabishani kuhusu mbolea ya kupandia, kwa sababu wanajua kuwa mche ulioanza vibaya haupati mbolea ya kukuzia ikaurudisha. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, ndiyo mbolea ya kupandia ya mtoto. Magunia manne hayo yatengwe kabla dalali hajafika uwanjani, kama zinavyotengwa mbegu.

Fursa kwa wafanyabiashara wadogo

Mahitaji hayo ni biashara pia. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maarufu kama viazi lishe, vina vitamini A nyingi kuliko viazi vyeupe, ambavyo karibu havina kabisa. Kazi ya kuvieneza ilimpa mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Wanaozalisha marando safi wana soko katika vijiji ambavyo bado vinapanda viazi vyeupe tu. Maharage yenye chuma na zinki kwa wingi nayo yapo, na mkulima anaweza kuyaulizia katika vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Wenye mashine za kusaga wako katika nafasi ya pekee. Kukoboa hupunguza sumukuvu, lakini pia huondoa sehemu ya punje yenye vitamini na madini. Suluhisho la kwanza ni mahindi safi yaliyochambuliwa na kusagwa dona. La pili ni sembe iliyoongezwa virutubisho. Kanuni za kuongeza virutubisho katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula zilitungwa mwaka 2011 na mpango ukazinduliwa mwaka 2013, lakini viwanda vikubwa ndivyo vilivyonufaika zaidi, wakati wananchi wengi husaga kwenye mashine za mtaani. Shirika la Sanku limekuwa likiwafungia wasagishaji wadogo kifaa cha kupimia virutubisho, na kufidia gharama kwa biashara ya mifuko ya unga inayonunuliwa kwa wingi. Ni mfano wa kuigwa kwa sababu bei kwa mlaji haipandi.

Wauzaji wa unga wa lishe wanapaswa kuwa wakweli kwa wateja. Kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele katika pakiti moja ni kurudia kundi lile lile la nafaka. Mchanganyiko wa maana ni nafaka moja na jamii ya kunde au karanga, soya ikiwa imechemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Karanga zenye ukungu zikiingia humo, unga wa lishe hugeuka kuwa unga wa sumu. Ni salama zaidi kusaga karanga kidogo kidogo na kuziongeza wakati wa kupika.

Mkataba upo, bajeti ifuate

Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walisaini na Rais Samia Suluhu Hassan mkataba wa usimamizi wa lishe utakaoendelea hadi 2030. Halmashauri nazo ziliagizwa kutenga angalau Sh1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Kiasi hicho hakinunui hata mayai matatu kwa bei za mfano wetu. Kinaweza kulipia mafunzo na upimaji, lakini hakiwezi kubeba sahani ya mtoto. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao kwa kila gunia linalotoka zina sababu ya kurudisha sehemu ya ushuru huo katika turubai za kuanikia, vipimo vya sumukuvu na maofisa ugani wanaozungumzia lishe pamoja na mbolea.

Kwa mkulima, kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kadi ya kliniki ina mstari wa ukuaji na orodha ya chanjo kwenye karatasi hiyo hiyo, na vyote viwili visomwe pamoja. Mstari ukilala wakati chanjo zimekamilika, kazi ya nesi imefanyika na ya kaya bado. Ukuta wa kinga unajengwa kwa chanjo na chakula, na msimu wa mauzo ndio wakati wa kuamua nani atabakiziwa nini.